Kitanda Kinataka Kula

...kwa hiyo hapana, hainuki, hata wangemfunga kamba na mguu wa pili kama walivyoufunga huu wa kwanza asingeinuka, Nyamizi alijiambia macho ameyakaza kwenye dari, mtu mzima mwenye wajukuu haambiwi na mtoto wa juzi anyanyue matako hadharani wodi nzima ikishangilia, na lile sanamu lao limelazwa pale karibu na mguu wake mzima, kigunia kilichojazwa pumba za mpunga, kimefungwa kilemba cha kitenge, kimechorwa macho kwa mkaa, kinamtazama, tangu asubuhi kinamtazama, kwa sababu ndiyo adhabu ya mchezo wao, anayeshindwa kujiinua wimbo ukiisha analetewa Bi Tuli alale naye mpaka zamu nyingine, na yeye hakushindwa, alikataa, kushindwa ni jambo moja na kukataa ni jambo lingine kabisa, lakini nani wa kumweleza hayo nesi Restuta, ambaye sasa hivi alikuwa kule mlangoni, mwanzo wa safu, anapiga makofi akiwachangamsha wanawake waliokwisha kunywa uji, "haya mama zangu, uwanja umefunguliwa," uwanja, wodi ya wanawake waliovunjika mifupa imekuwa uwanja, na wao kama watoto wa chekechea wanaanza kucheka kabla hata hawajaambiwa cha kuchekesha, "nani mwenye kitanda," anaimba nesi, "mimi," wanaitikia, "nani mwenye matako," "mimi," na hapo wanaangua kicheko kana kwamba neno lenyewe wamelisikia leo kwa mara ya kwanza, "kitanda kinataka nini," "kinataka kula," "tukipe," "hatukipi," na kwenye hilo hatukipi la mwisho kila mwenye mikono anashika alichonacho, mshikio, ukingo wa kitanda, bega la ndugu anayemuuguza, anajivuta, makalio yanaachana na godoro, nesi anahesabu taratibu kama anayepima maziwa kwa kikombe, na Katarina wa kitanda cha ng'ambo, bibi wa Lumemo, mzee kumzidi hata yeye, meno ya mbele yamekwisha, nyonga imevunjika, ndiye anayeitikia kwa sauti kuliko wote, ndiye aliyemuuliza juzi, mbele za watu, "hivi mwenzangu, ninyi Wasukuma hamna matako," na wodi ikavunjika mbavu, na Nyamizi akageuzia uso dirishani, si kwamba hakulielewa, utani ni utani, lakini utani unataka mtu aliyesimama, mtu aliyefungwa kwenye kitanda kama ndama anayesubiri kuhasiwa hataniwi, anaachwa, yeye aliyevusha ng'ombe mto Kilombero maji yakiwa kifuani, mamba anawaona kwa macho, aliyejifungua Nickolaus porini kwenye kivuli cha mgunga na jioni yake akakamua, leo achezeshwe na gunia, na haya yote ni kwa ajili ya pikipiki moja tu, pale Mkula, anavuka barabara ndoo ya maziwa kichwani, kijana anatokea kasi, na asichosahau si maumivu, ni jinsi maziwa yalivyotandaa meupe kabisa juu ya lami halafu yakaanza kuchanganyika na vumbi, na watu wakimuinua kijana kwanza, na yeye chini pale akijaribu kusimama na paja likigoma, limekatika kama muwa, na sasa chuma kimepitishwa chini ya goti, kamba imefungwa kwenye chuma, kamba inapita kwenye roda, kigurudumu cha mwisho wa kitanda, na uzito unaning'inia huko usiku na mchana ukiuvuta mfupa urudi mahali pake, na yeye chali, chali tu, usingizi chali, chakula chali, sala chali, anajua kila ufa wa dari hii kuliko anavyozijua nyufa za miguu yake...

"Kitanda kinataka nini," kule mlangoni, na "kinataka kula," na yeye midomo ameibana, kwa sababu lipo jambo ambalo hakumwambia mtu, hata nesi, hata daktari aliyepita akigonga gonga goti na kuondoka, kwamba tangu juzi panamuwaka pale nyuma, chini ya kiuno, mahali ambapo mkia ungeota kama mtu angekuwa na mkia, kwanza ilikuwa kama kulalia punje ya mahindi, akadhani ni shuka imejikunja, akajisogeza kidogo, punje ikamfuata, jana ikawa kaa la moto, leo linachimba, na akisema watataka kuangalia, na wa kuangalia ni nani, wasaidizi wa wodi ni wachache, watamwita Agnella, "mwite mwanao aje atusaidie kumshika," watasema hivyo hivyo, na Agnella si mwanawe, ni mke wa mwanawe, na kwa watu waliomlea yeye mke wa mwana hauoni mwili wa mama mkwe, anampikia, anamfulia, anamtengea maji akaoge mwenyewe, basi, mpaka hapo, na huyu Agnella, Mndamba wa watu, mtoto wa wavuvi, anaogopa ng'ombe mpaka leo, akipita zizini anapita upande wa ukuta kama mwizi, alipoletwa nyumbani Nyamizi alimuuliza Nickolaus kwa sauti ya kusikika, huyu atakamua nini, samaki, na binti akasikia, na kesho yake asubuhi akaja mlangoni akapiga goti akasema "mwangaluka, mayu," salamu ya asubuhi kwa mama, Kisukuma kimepinda kama njia ya nyoka lakini kimefika, na tangu siku hiyo hakuna asubuhi aliyokosa, hata hapa hospitali, anatoka kulala kwenye kibaraza cha wauguzaji, kanga imelowa umande, uji mkononi, mwangaluka mayu, na Nyamizi anaitikia kwa pua, na jana ndipo alipomwambia amwambie Nickolaus atafute gari, anataka nyumbani, akalale kwake, aangalie paa lake, kama ni kufa afie pasipo na wimbo, na Agnella alisimama pale akishika kikombe, "lakini mama, mfupa haujaunga," na yeye, "nimekuomba ushauri," na binti akaenda kupiga simu, na sasa hivi pia yuko na simu, pale dirishani upande wa nje, Nyamizi anaona bega lake na nusu ya kilemba, simu imewekwa sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni imekufa zamani, na maneno yanaingia wodini vipande vipande yakichanganyika na makofi, "...Noah imepatikana," hiyo ni sauti ya Nickolaus, "...godoro tutalitandika nyuma," "...wamesema wakifungua ile kamba mfupa unaweza kupinda, Niko," hiyo ni Agnella, halafu sauti nyingine imempokonya Nickolaus simu, sauti nene ya mwanamke, na Nyamizi akausikia mwili wake wote ukikaza hata ule mguu uliovutwa, kwa sababu ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe Limbu, amekuja kutoka Usukumani kuona mgonjwa, amekaa nyumbani Mkula kwenye kigoda cha wenyewe anatoa amri, "...mleteni huku, huko anaozea," na kisha, polepole, kama anayelainisha kamba kabla ya kuifunga, "na wewe binti, hebu niambie, unampikia nini mama yako huko, maana mtu alikwenda anaumwa mguu tu, mwili wa nguvu..."

"Shikamoo bibi," na nesi Restuta alikuwa amesimama miguuni pake, ametabasamu, jasho puani, haijafika zamu ya kitanda hiki, amekuja tu kufuata kitu, na Nyamizi akasema marahaba kwa kuwa salamu ni salamu, "naomba nimwazime mwenzako kidogo, leo anafanyiwa upasuaji," na akamkwapua Bi Tuli kwa kilemba, akaenda naye katikati ya wodi, akampandisha juu ya meza ya dawa, akamgeuza kifudifudi, na wodi ikaguna, maana nyuma ya lile gunia, pale chini ya kiuno, palikuwa na kiraka chekundu kimeshonwa kwa nyuzi nyepesi, nesi akakivuta, chini yake kiraka cheusi, akakivuta, chini yake tundu, pumba zikamwagika mezani, akaingiza vidole akatoa gunzi la hindi, akaliinua juu kama mnadani, "huyu nani," "mfupa," wakasema waliokwisha kulijua somo, "na godoro," "kitanda," "katikati yao kuna nani," "nyama," "ya nani," "yangu mimi," alisema Katarina na watu wakacheka, na nesi akasema basi, mfupa unasukuma chini, godoro linasukuma juu, nyama imebanwa kati kama mtu aliyebanwa na mlango, damu inataka kupita haipiti, na nyama isiyopitiwa na damu ni nyama iliyonyimwa chakula, inakufa, tena inaanzia ndani kwenye mfupa, huku nje bado unaona ngozi nzima unasema sijambo, na sisi wenye ngozi nyeusi tusingoje wekundu kama huu wa kiraka, nimeweka kiraka chekundu ili mkione mkiwa mbali, kwetu patakuwa peusi zaidi, au pana joto kuliko pembeni, au pagumu kama embe bichi, au panawaka tu, anayekuuguza aweke mgongo wa mkono asikilize, na ukisikia mapema dawa yake si sindano, dawa ni kuondoka hapo, kugeuka, kujiinua, kukinyima kitanda, na Nyamizi alikuwa anatazama dari lakini masikio yamekwenda yenyewe mpaka kwenye ile meza, punje ya hindi, kaa la moto, panawaka tu, na hapo Sada, binti wa kitanda cha pili kutoka kwake, mguu wake umo kwenye plasta mpaka nyonga, akauliza, tena hakucheka, "nesi, kwa hiyo wale wanaotoboka mgongo mpaka wananuka, si kwamba wametupiwa," na kila mmoja pale alikuwa na mtu wake wa kumfikiria, na nesi akalirudisha gunzi ndani ya tundu, akalipiga piga, akasema, "Sada, mchawi gani huyo anayeshindwa na mtu kugeuzwa ubavu," na watu wakacheka tena, mchawi gani, kicheko kikaenda mpaka mlangoni kikarudi, na Nyamizi peke yake hakucheka, hakuweza, mchawi gani...

...kwa sababu aliwahi kuitwa huyo mchawi, yeye, kwa jina lake, mbele ya ukoo mzima, akiwa bado binti, titi bado lina maziwa ya mtoto wa kwanza aliyekuja kufariki, na yule bibi amelala ndani, mama yake Limbu, aliyeteleza njia ya kisimani akavunjika nyonga, wakamtandikia ngozi ya ng'ombe, wakamlaza chali, na ndivyo walivyomwacha, chali, kwa sababu akiguswa alilia, na wao wakaona huruma ni kutomgusa, na yeye Nyamizi mkwe, kazi yake ilikuwa uji na maji mpaka kizingitini, ndani kwa mgonjwa haingii, mwili ule haukuwa wa yeye kuuona, wanaoingia ni binti zake wa kuzaa, huyu wifi mkubwa na wenzake, na kila akipeleka uji alisikia yule bibi akisema neno moja, geuza, geuza, na wenyewe wakimjibu tulia mama, tulia, na siku zikaenda, na harufu ikaanza, kwanza wakafikiri ni ngozi ya ng'ombe, wakaibadilisha, harufu ikabaki, ikatoka nje, ikakaa uani, mbwa wakawa wanazunguka ile nyumba wakinusa, na walipomuinua siku ya kumwosha maiti wakaona, mgongo umefunguka, mfupa unaonekana mweupe kama... na wifi akatoka nje anapiga kelele kwamba huu si ugonjwa wa Mungu, mtu anaozaje akiwa hai, kuna mkono, na mganga akaitwa, kuku akapasuliwa, wazee wakainama juu ya utumbo wa kuku, na utumbo wa kuku ukasema ni mtu anayepika, ni mtu aliyekuja kwa mahari, na macho yote pale uani yakageuka yakamtafuta mpaka yakamkuta na ufagio mkononi, na asilolisahau mpaka leo, kitu kinachomrudia hata hapa chini ya dari hii, ni kwamba mwezi ule ule kabla ya msiba kulikuwa na jike la ng'ombe lililolala baada ya kuzaa, limegoma kusimama, na wanaume wa nyumba ile ile walilitia kamba wakawa wanaligeuza, asubuhi ubavu huu, jioni ubavu ule, wanalitandikia majani, wanalisugua, kwa sababu kila mfugaji anajua ng'ombe akilalia ubavu mmoja ubavu unakufa, hilo hawakuhitaji kuku, ng'ombe waligeuza, mama yao wakamwacha, na hakuna hata mmoja, hata yeye mwenyewe, hata siku moja katika miaka yote hii, aliyeviweka vitu hivyo viwili mahali pamoja, ng'ombe na bibi, bibi na ng'ombe, mpaka leo, mpaka gunzi hili, na alichofanya Limbu ni kuamka kabla ya wenzake, kufungua zizi, kumwambia funga mizigo, wakafuata malisho, Igunga, Usangu, mpaka bonde hili la Kilombero lenye majani marefu kuliko mtu, wakaanza upya kama watu wasio na kwao, na Limbu hakuwahi kumuuliza, hata mara moja, wewe ulifanya au hukufanya, alimficha, alimlisha, alizaa naye Nickolaus, alizeeka naye, akafa bila kuuliza, na hicho ndicho kilichomla yeye zaidi ya maneno ya wifi, kwa sababu mtu asiyekuuliza ama anakuamini sana ama anaogopa jibu, na kaburini huwezi kumfuata mtu kumwambia sikiliza Limbu, ulikuwa mfupa, mume wangu, ulikuwa mfupa tu, mfupa na ngozi ya ng'ombe na mtu kusema geuza na kujibiwa tulia, sikupika kitu kwenye uji ule, ulikuwa mtama na maji na chumvi, na machozi sasa yalikuwa yanamtiririka pembeni yakiingia masikioni, kwa kuwa aliyelala chali hata kulia kwake kunaenda vibaya, na hakuyafuta, acha yaende, na kilichokuwa kinapanda nyuma ya machozi hayakuwa majonzi, alikijua, kilikuwa kile kile kilichomsimamisha kwenye maji ya mto na fimbo mkononi akiwatukana mamba...

"Mama," Agnella alikuwa ameingia, amesimama pembeni ya kitanda, simu kwapani bado inaongea peke yake, "Niko anasema gari liko tayari, wanauliza waje saa ngapi," na uso wake ulikuwa umebadilika, umepauka karibu na mdomo, na Nyamizi aliujua ule uso, aliwahi kuuvaa, ni uso wa mtu aliyeulizwa unampikia nini mama yako, mtu ambaye bado hajaelewa ameulizwa nini lakini mwili umeelewa, na hapo akaona yote, kama vile mtu ameondoa pazia, akaona Noah ikiingia uani, akajiona akilazwa kwenye kile kitanda cha kamba, chali, na huyu binti akizuiwa kizingitini na kikombe cha uji, na hili kaa lililoko mgongoni likifunguka taratibu, na mbwa wakinusa, na wifi akitoka nje na kilio kile kile, sauti ile ile iliyonona kwa miaka, na kuku, na macho ya uani yakizunguka yakitafuta mgeni, Mndamba, mpishi, aliyekuja kwa mahari, yakimkuta, na Nickolaus, mtoto wa baba yake, hatauliza, atafunga mizigo aende kutafuta bonde lingine, na huyu naye atazeeka hajui mumewe alimwamini au alimwogopa, hapana, Nyamizi alisema, na akajisikia amesema kwa sauti, kwa sababu Agnella aliinama, "hapana nini mama," "weka hiyo simu hapo," "mama," "iweke hapo kitandani isikilize, wewe lete mkono, mgongo wa mkono kama alivyosema nesi, ingiza chini yangu hapa, chini ya kiuno," na binti akasita, aliyajua mambo ya nyumba ile, alifundishwa mipaka yake siku ya kwanza, "mama, si ngoja nimwite nesi," "nimekwambia wewe," na yeye Nyamizi akageuza uso, si kwa aibu, ila ili binti asione haya, na mkono ukaingia, wa baridi, mkono wa kufua na kuparua magamba ya samaki, ukapita chini ya shuka, ukafika pale, ukatulia, hakuna aliyemgusa hapo tangu mama yake mzazi, na hakufa, mbingu haikuanguka, mkono ulikuwa mkono, "pana moto, mama," Agnella alinong'ona, "pagumu hivi, kama, kama embe bichi," na akavuta pumzi, "lakini pamefunga, hapajachubuka, ngozi ipo," na sauti yake ikapasuka kwenye neno lile ipo, "mama, kwa nini hukusema," na simu pale kitandani ikakohoa, "...anasema nini huyo, amemshika wapi," wifi, na Nyamizi akaiinua simu akaiweka karibu na mdomo kwa mikono yote miwili kama anayekunywa kibuyu, "wifi," alisema, "gari lisije," "unasemaje," "gari lisije, nimelala hapa mpaka mfupa uunge, na wa kuniuguza ni huyu huyu, anipikie, anigeuze, anioshe, mimi ndiye nimesema, Niko kama uko hapo nawe usikie kwa masikio yako, mkeo nimemruhusu mwili wangu, asije mtu kuuliza siku moja," na kule upande wa pili kuku wa kweli akilia mahali fulani uani Mkula, halafu wifi, "dawa za huko zimekupanda kichwani," na Nyamizi, "na mama yenu, wifi, mama yenu aliuawa na mfupa, alisema geuza mkamwambia tulia, mimi nilikuwa kizingitini nikasikia, ng'ombe mligeuza," na hakungoja, hakutaka jibu, jibu la nini sasa, alimrudishia Agnella simu akamwambia zima, na Agnella akazima, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa mara ya kwanza, siku zote alisimama.

...na nesi bado hajafika, amemaliza safu ya mlangoni ndiyo kwanza anaanza safu ya dirishani, "nani mwenye kitanda," kule, "mimi," mchezo uko pale pale ulipokuwa, jua liko pale pale kwenye sakafu, uji umeganda kwenye kikombe, na Nyamizi akanyoosha mikono akaushika ule mshikio juu ya kichwa chake, chuma kilikuwa cha baridi na kizito kuliko alivyodhani, hakungoja zamu yake, hakungoja makofi, mtu akiamua haamuliwi, akakunja mguu mzima, akakisukuma kisigino kwenye godoro, akavuta, Agnella akainuka kumsaidia naye akamtikisia kichwa, akavuta, mabega yaliyobeba ndoo maisha yote yakakumbuka kazi yao, na kwanza godoro lilimng'ang'ania, ndiyo, linang'ang'ania, lina mdomo kweli, kisha likamwachia, na hewa ikaingia pale, hewa ya baridi juu ya lile kaa, utamu wake ulikuwa kama maji kwenye nyayo zilizotembea mchana kutwa, kamba ya mguu inacheza, uzito unagonga taratibu kwenye chuma cha kitanda, na nesi kule mbali akageuka akamuona, "ee bibi, bado hatujafika kwako, shuka mama utachoka," na hakushuka, "shuka kidogo upumzike," na hakushuka, mikono inatetemeka na hakushuka, na akiwa juu hivyo, jasho linaingia jichoni, midomo ikafunguka yenyewe na kilichotoka hakikuwa wimbo wao, kilikuwa jina, jina ambalo katika ukoo wa Limbu mkwe halitaji, akitaka kumsema atasema yule bibi, atasema mama wa fulani, jina lenyewe linabaki kwa waliozaliwa naye, na yeye hakuwahi kulitaja akiwa hai wala akiwa maiti, hata kuliwaza alikuwa analizunguka, "Nkwimba," alisema, na halikumuunguza ulimi, "Nkwimba," kwa nguvu zaidi, kwa mwanamke aliyeomba kugeuzwa, na Katarina kule ng'ambo, asiyemjua Nkwimba ni nani, akafikiri Msukuma ameleta wimbo wa kwao hatimaye, akashika mshikio wake akajivuta juu akaitikia, "Nkwimba," na Sada akapokea, na safu ya mlangoni ikapokea, wodi nzima wako hewani, wanaliita.